Juu ya Mbwa wa Jirani

Yako maneno yazungukayo katika wilaya zetu za Kasulu na Kibondo, nayo yametufikia sisi walimu kwa vinywa vya watu wengi: barazani, njiani, hata katika chumba cha walimu wakati wa chai. Maneno yenyewe ni haya, kwamba walimu wamepungukiwa na kazi, maana siku ya Jumamosi huonekana wakitembea milimani pamoja na vijana wa darasa la saba, nao wanaongoza kwa kamba mbwa ambaye si wao. Wengine huyanena kwa mzaha, nasi twacheka pamoja nao. Lakini wako wayanenao kwa hasira, na mmoja wao, mtu mwenye heshima ambaye hatutamtaja, alisimama mbele ya watu akasema kwamba jambo hili ni aibu kwa kazi ya ualimu. Kwa kuwa yeye alinena waziwazi, twaona ni halali nasi kujibu waziwazi, tena kwa urefu, maana jambo lenyewe si dogo kama lionekanavyo.

Kwanza na ijulikane habari ilivyo. Karibu na shule yetu pana duka, na nyuma ya duka pana mwembe, na chini ya mwembe huo alikaa mbwa mwekundu, amefungwa kwa mnyororo usiozidi hatua tatu. Mwenyewe si mtu mbaya. Twamjua, ni mzee mpole, na chakula alimpa mbwa wake kila jioni, ugali na mabaki ya dagaa. Lakini mzee huenda Kigoma na Kakonko kutafuta bidhaa, wanawe wote wako Dar es Salaam, na mtoto aachiwaye duka alimwogopa mnyama, akamtupia chakula kwa mbali kama atupaye jiwe. Basi mbwa yule alikuwa peke yake mchana kutwa na usiku kucha, miaka mitatu. Ardhi aliyoizunguka ilikuwa tupu na ngumu kama uwanja wa kupigia maharage. Mwanzo alibweka mpaka sauti ikamkauka. Halafu akaacha kubweka, akawa akilia kwa sauti nyembamba, na zaidi wakati watoto wapitapo kwenda shule. Sauti hiyo ndiyo iliyotupeleka kwa mzee.

Mpinzani wetu wa kwanza asema, "Mbwa ni mbwa. Upweke ni jambo la wanadamu." Neno hili lasikika kuwa la busara, na wengi hulikubali bila kulipima. Twalipinga, na kwa bahati njema hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta shahidi, maana shahidi wetu alifanya kazi yake katika mkoa huu huu wa Kigoma.

Tarehe 14 Julai mwaka 1960 binti wa Kiingereza aliyeitwa Jane Goodall alishuka ufukweni Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, pamoja na mama yake. Umri wake ulikuwa miaka 26, na elimu ya chuo kikuu hakuwa nayo. Kabla ya mwaka ule kwisha alikuwa amekwisha kumwona sokwe akichokoa mchwa kichuguuni kwa kijiti alichokitengeneza mwenyewe, jambo ambalo wakubwa wa elimu walidhani ni la wanadamu peke yao. Baadaye alipokelewa Cambridge asomee shahada ya juu, na huko wakubwa hao wakamkemea. Walimwambia amekosea kuwapa sokwe majina, yafaa awape namba. Tena asinene kwamba mnyama ana tabia yake, au kwamba ana huzuni na furaha. Yeye hakulisadiki kemeo lile, na sababu yake aliisimulia mara nyingi mpaka uzeeni. Alisema kwamba katika utoto wake alikuwa na mwalimu aliyemwonyesha kinyume cha maneno ya wale mabwana, na mwalimu huyo alikuwa mbwa, jina lake Rusty.

Sasa msomaji na asikilize vema. Rusty hakuwa mbwa wake. Alikuwa mbwa wa hoteli iliyokuwa karibu na kwao, katika mji wa Bournemouth, Uingereza. Alikuja nyumbani kwao akashinda na yule binti, wakatembea pamoja, kisha akarudi kwa wenyewe. Hivi ndivyo ilivyokuwa: mbwa wa jirani, na mtoto aliyekubali kutembea naye. Mtoto yule alikuja kukaa katika milima yetu, na kazi yake ikawa sababu mojawapo ya Gombe kufanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Mwaka 1991 alianzisha Dar es Salaam, pamoja na wanafunzi 12, chama cha vijana kiitwacho Roots & Shoots, ambacho shule nyingi za mkoa wetu zinakijua. Alifariki tarehe 1 Oktoba 2025, umri wake miaka 91. Hatuneni kwamba kila kijana wa Kasulu atakayeshika kamba ya mbwa atakuwa mtaalamu wa sokwe. Twanena hivi tu: mtu aliyewatazama wanyama kwa macho yake zaidi ya miaka 60 alisema mbwa ana moyo wa kuhuzunika, na mtu ambaye hajapata hata kumtazama mbwa wake dakika kumi asema hana. Tumsadiki nani?

Wengine hawana habari na huzuni ya mbwa; wao hukasirishwa na kamba. "Haya ni mambo ya Wazungu," wasema. "Mwafrika hatembezi mbwa." Twashangaa sana kusikia neno hili likitoka kinywani mwa watu wa Buha. Waulizeni babu zenu. Wawindaji wa nchi hii waliingia porini na mbwa wao, wakawafunga njuga shingoni ili wawasikie katika majani marefu, na jioni wakarudi nao, na kila mbwa akapata sehemu yake ya nyama kwa desturi. Mbwa wa namna ile alitembea katika mwezi mmoja kuliko mwalimu wa leo atembeavyo mwaka mzima kwa miguu yake, maana mwalimu wa leo hupanda bodaboda hata kwenda kununua chumvi. Mbwa alijua njia zote, alijua watu wote, naye alikuwa na kazi. Hakukaa miaka mitatu chini ya mwembe. Tangu zamani sana mbwa ametembea na watu. Huko Ujerumani wataalamu walifukua kaburi lenye umri wa miaka 14,000 hivi, wakakuta mbwa amezikwa pamoja na mwanamume na mwanamke. Kwa hiyo, ikiwa ni lazima tutafute kilicho kigeni katika habari hii, twadhani ni mnyororo wa chuma na kufuli lake, vilivyonunuliwa dukani. Matembezi ni ya kale.

Tena nyumba zetu zimebadilika. Zamani wanaume wa Buha walikwenda Tanga kufanya kazi ya mkonge, wakakaa miezi mingi, lakini nyumbani walibaki wake na babu na watoto na mifugo, wala mbwa hakukosa wa kumfuata. Siku hizi mtu hujenga nyumba ya matofali, akaizungushia ukuta, akaweka mbwa ndani, kisha yeye na wanawe wakaenda mjini, na nyumba ikabaki na kufuli, na mbwa akabaki na nyumba. Twaziona nyumba hizi Kasulu, twaziona Kibondo, na zinazidi.

Natuje sasa katika neno lenye uzito zaidi, nalo ni kwamba mbwa ni mali ya mtu. Hapa twakubaliana na wapinzani wetu kabisa. Mtu amchukuaye mbwa wa jirani bila ruhusa, hata kama nia yake ni njema, ni mwizi wa saa mbili. Na kuomba ruhusa kwenyewe si jambo jepesi, maana ombi hilo husikika kama lawama, ni kama kumwambia mtu, "Tumeona jinsi usivyomtunza mnyama wako." Sisi tulikwenda watatu, jioni, baada ya duka kufungwa, tusimwaibishe mbele ya wateja wake. Tukasalimu, "Shikamoo mzee." Akaitika, "Marahaba, walimu wangu, karibuni." Tukakaa, tukaulizana habari za nyumbani na za mvua. Ndipo tukasema, "Mzee wetu, tumekuja kuomba. Jumamosi huwa twatembea mpaka mtoni pamoja na vijana. Twaomba ruhusa twende na mbwa wako, na kabla ya adhuhuri tutamrudisha."

Mzee akatutazama mmoja mmoja, akacheka, akasema, "Walimu, mshahara umeongezwa nini, hata mmekosa la kuhangaikia?" Kisha akanyamaza kidogo, akasema, "Mchukueni. Mimi miguu yangu haifiki tena mtoni. Lakini akimwuma mtu, deni ni lenu." Tukalikubali deni. Tukamwuliza kama mbwa amechanjwa. Akasema hakumbuki, na mtu asiyekumbuka chanjo ya mbwa wake ni sawasawa na mtu ambaye mbwa wake hakuchanjwa. Kwa hiyo Jumamosi ile hatukwenda naye, wala iliyofuata.

Hapo twaifikia hoja ambayo wapinzani wetu huishika kama mkuki, yaani kichaa cha mbwa. Hoja hii hatuichezei. Kwa makadirio yatumiwayo na Shirika la Afya Duniani, ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia; karibu wote huambukizwa na mbwa, na kama wanne katika kila kumi ni watoto wasiofika miaka 15. Sumu yake huingia kwa mate ya mnyama mgonjwa katika jeraha, ikapanda polepole katika mishipa ya fahamu mpaka ubongoni. Kwa kawaida miezi miwili au mitatu hupita kabla ya dalili kuonekana, na kidonda chenyewe huwa kimekwisha kupona na kusahauliwa. Dalili zikiisha kuonekana, dawa hapana. Aliyeumwa yampasa aoshe kidonda papo hapo kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile akachomwe sindano za kinga, wala asingoje kuona kama mbwa atakufa, wala asipake majani akakaa nyumbani. Sindano hizo si jambo jipya. Louis Pasteur wa Ufaransa alimkinga mtoto Joseph Meister, mwenye umri wa miaka 9, tangu tarehe 6 Julai 1885, na mtoto akapona. Zaidi ya miaka 140 imepita tangu siku ile, na bado watoto wa Afrika wanakufa kwa ugonjwa huo.

"Basi," wasema wapinzani, "mnakiri wenyewe. Mwacheni mbwa kwenye mnyororo wake, msimguse." Lakini fikirini neno hili mpaka mwisho wake. Mbwa aliyefungwa, asiyechanjwa, hana salama hata kidogo. Mbwa mwenye kichaa azururaye usiku humkuta pale pale, au bweha atokaye porini, naye hawezi kukimbia wala kupanda mahali. Huumwa gizani, na asubuhi hapana ajuaye. Miezi ikapita. Na mtu wa kwanza kumkaribia siku kichaa kitakapompanda ni nani? Ni yule mtoto wa duka, na bakuli la ugali mkononi.

Ugonjwa huu haukomeshwi kwa minyororo, wala kwa kuwapiga mbwa risasi. Hukomeshwa kwa kuwachanja mbwa. Wataalamu wamehesabu kwamba katika kila mbwa 100 wakichanjwa 70, na chanjo ikarudiwa bila kulegea, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Wala si nadharia tupu. Katika kisiwa cha Pemba mbwa walichanjwa kuanzia mwaka 2010, na mwaka 2014 ugonjwa ukatoweka. Chanjo ilipolegea ukarudi mwaka 2016. Wakachanja tena, ukatoweka tena mwaka 2018. Tena yamethibitishwa mambo mawili katika nchi yetu ambayo kila mwalimu angeyajua. La kwanza, mbwa wengi tuwaonao wakizurura vijijini, na kuwaita mbwa koko wasio na mtu, wana wenyewe. La pili, imepimwa chanjo moja ya mbwa ikaonekana kwamba hubaki na nguvu yake hata ikikaa miezi 6 katika joto la digrii 25. Kwa hiyo kijiji kisicho na umeme wala barafu kisitafute udhuru huko.

Udhuru wa kweli uko wapi? Tumeuona kwa macho yetu siku bwana mifugo alipokuja katika kata yetu na sanduku lake la dawa. Dawa ilikuwapo, sindano zilikuwapo, kivuli cha mti kilikuwapo, na watu walikwisha kutangaziwa. Wakaja na mbwa wachache mno. Wengine walikuja mikono mitupu, wakasema, "Bwana mifugo, mbwa ninaye, lakini hashikiki." Mmoja alileta mbwa akiburuta mnyororo, wanaume watatu wakimvuta na wanne wakimsukuma kwa miti, na alipofika mezani aliukata mkono wa bwana mifugo nusura amwume. Wengi wakamwambia mganga yule wa wanyama awafuate nyumbani. Angewafuata nyumba ngapi? Mbwa ambaye hajapata kuongozwa kwa kamba hata siku moja, ambaye mkono wa mtu kwake ni jiwe na fimbo, hawezi kuletwa chini ya mti ule. Na mbwa asiyeletwa hachanjwi. Na mbwa asiyechanjwa ndiye awauao watoto. Hii ndiyo hoja yetu kubwa, nasi twawaomba wapinzani wetu waijibu hii kabla ya kujibu nyingine yoyote: ninyi mnaotaka mbwa wakae peke yao wasizoewe na mtu, mmejiandaaje kuwachanja?

Mbwa wa mzee alichanjwa siku ile. Tulimfunga kinywa kwa kitambaa, mwalimu mmoja akamshika masikio, na mzee mwenyewe akasimama akimwita jina. Kisha tukangoja wiki nne ili kinga ikomae mwilini. Katika wiki zile hatukukaa bure. Kila jioni mmoja wetu alikwenda mwembeni na kamba na dagaa watatu, akakaa chini, asifanye neno. Siku ya sita mbwa alikula mkononi. Siku ya kumi alikubali kamba shingoni.

Asubuhi ya matembezi ya kwanza mzee alimfungua mnyororo. Mbwa hakukimbia. Alizunguka duara lile lile mara tatu, kana kwamba mnyororo ungalipo, huku mzee akimtazama bila kusema neno. Mara ya nne akavuka mpaka wa ardhi ngumu, akaweka mguu katika majani, akasimama. Kisha pua yake ikaanza kazi. Alinusa kila jiwe toka dukani mpaka kwenye mashamba ya kahawa, hata tukachelewa, na vijana wakachoka kungoja, wakaketi ukingoni wakamwangalia. Mmoja akauliza, "Mwalimu, anasoma nini?" Hatukuwahi kupata somo la viumbe hai lililosikilizwa kwa utulivu kama lile.

Hoja mbili zilizobaki hazihitaji maneno mengi. Wasema mbwa akizoea watu hatalinda tena. Kinyume chake ndicho tulichokiona: abwekaye kwa kila mtu hasikilizwi na mtu, lakini yule wa duka sasa awajua wanafunzi na wapita njia wa kila siku, hunyamaza, na akibweka usiku mzee huamka, kwa kuwa ajua pana mgeni. Tena wasema mbwa ni najisi, na wengine hutukumbusha ile methali ya pwani ya mtu achezaye na mbwa kwamba atafuatwa mpaka msikitini. Ndugu zetu Waislamu tulionao hapa kijijini wametueleza wenyewe kwamba mate ya mbwa ndiyo wayaepukayo, na kwamba mbwa wa kuwinda na wa kulinda wameruhusiwa; tena hawakusahau kutusimulia habari ya mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Asiyetaka kumgusa hashurutishwi. Kamba yatosha mkono mmoja.

Lakini ni haki tuseme pia na wale wa upande wetu, maana wako vijana waliovutwa na jambo hili kwa furaha kupita kiasi. Katika kijiji cha pili vijana walimfungua mbwa wa watu bila kuuliza, wakamwachia huru akawakimbiza mbuzi wa mama mmoja mjane, na mbuzi mmoja akavunjika mguu. Hayo siyo matembezi tunayoyatetea. Kamba na ishikwe na mtu mzima, iwe fupi mnapopita kati ya watu. Mkikutana na mwanamke mwenye mzigo wa kuni kichwani, simameni kando ya njia, apite, hofu yake ni haki yake, wala asiambiwe, "Haumi huyu." Mtoto mdogo asimkaribie mbwa alapo, wala alalapo. Jua likiwa kali msiende, na maji mchukue, maana mbwa hatoki jasho kama sisi, hujipoza kwa kuhema.

Wala mbwa asiingizwe katika mapori ya hifadhi. Gombe hana ruhusa, na Moyowosi hana shughuli. Sababu yake ni kubwa kuliko kufukuza swala. Mwaka 1994 maradhi ya mbwa yaliwaingia simba wa Serengeti, yakaua kama 1,000, yaani theluthi moja ya simba wote waliokuwako kule. Sisi tulio na sokwe na mapori yenye wanyama pembeni mwetu, tukiwapeleka mbwa huko tutakuwa tumesahau jambo hilo kwa makusudi.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 yakataza kumtesa mnyama, na mtu ayataka maneno yake aweza kuyasoma. Lakini sisi hatukupenda kwenda kwa mzee wetu tukiwa na sheria mkononi. Mtu akiletewa sheria mlangoni kwake huifunga minyororo miwili mahali pa mmoja, kwa hasira. Akiombwa kwa heshima, mara nyingi hutoa zaidi ya alichoombwa. Mzee wa duka sasa ameondoa mnyororo mchana. Mbwa hulala barazani, na mtoto wa duka amempa jina jipya, ingawa mzee hulikataa.

Kuhusu aibu ya ualimu, twasema neno moja. Mataifa yamejiwekea shabaha kwamba ifikapo mwaka 2030 asife mtu tena kwa kichaa cha mbwa. Shabaha hiyo imeandikwa mbali na hapa, katika karatasi nzuri; lakini mbwa wenyewe wako huku, katika nyua za Makere na Kabanga na Kakonko na Kibondo mjini, na anayewajua kwa majina ni mtoto wa shule. Ikiwa mwalimu akimfundisha mtoto huyo kumshika mbwa kwa kamba bila hofu na bila ukatili amejiaibisha, hatujui kazi ya mwalimu ni ipi.

Aliporudi bwana mifugo mara ya pili katika kata yetu, vijana wa darasa la saba walileta mbwa 14 kwa kamba, wamepanga mstari, na mbwa wa duka alikuwa wa mbele. Hapakuwa na miti wala mnyororo. Kazi ilikwisha kabla ya chai. Yule mtu mwenye heshima aliyetusema barazani ana mbwa wawili ndani ya ukuta wake, wakali sana, na kwa maneno yake mwenyewe hawajachanjwa, kwa kuwa hapana awezaye kuwashika. Bwana mifugo ameahidi kuja tena tarehe 28 Septemba, siku ikumbukwayo duniani kote kwa ajili ya ugonjwa huu. Kamba tunazo za kutosha, na njia yetu ya Jumamosi yapita mbele ya lango lake.